Fimbo ya Mwizi: Sarufi ya Uongo Unaomnasa Mwongo

1. Utangulizi

Msafiri anayefika Kisangani kwa ndege hushukia Bangboka, upande wa mashariki ya mji, kilomita 17 hivi kutoka katikati. Katika hati za usafiri wa ndege jina huandikwa Bangoka. Sisi tuliokulia huko tunatamka Bangboka, kwa ile konsonanti gb ambayo midomo na nyuma ya ulimi hufunga na kufunguka kwa pamoja, na ambayo Kiswahili sanifu hakina. Naanza na jina hili kwa sababu hadithi nitakayoichambua niliisikia hapo, usiku wa matanga, kutoka kwa baba mkubwa wangu, na niliisikia katika Kiswahili cha kwetu, si cha vitabuni. Tofauti hiyo ya lugha ina uzito katika uchambuzi.

Hadithi ni ya mwizi aliyenaswa kwa hila. Si mali ya Bangboka peke yake. Inasimuliwa katika nchi nyingi, na mwenye hekima hubadilika: hapa ni mzee wa kijiji, kwingine ni kadhi, kwingine mfalme au mganga. Wasikilizaji nao hucheka mahali pale pale. Ukiwauliza kwa nini mwizi alikamatwa, watakujibu kwamba mzee alikuwa na akili kuliko yeye. Jibu hilo ni kweli, lakini halitoshi. Mzee alisema uongo mbele ya watu saba, na uongo huo ukamnasa mmoja tu, yule aliyestahili. Sita waliobaki hawakuguswa. Uongo wa kila siku hauna adabu ya namna hiyo. Ukishatoka mdomoni humpata yeyote. Swali langu basi ni hili: ni nini ndani ya sentensi ya mzee kinachoufanya uongo wake umchague mwenye hatia?

Nitajaribu kuonyesha kwamba jibu liko katika sarufi, hasa katika namna sentensi inavyomtaja mwizi. Kisha nitaonyesha kwamba sentensi nyingine, inayofanana nayo sana kwa sikio, inaweza kumnasa asiye na hatia. Hilo la pili sikulipata kitabuni. Sentensi hiyo niliitamka mimi.

2. Hadithi kwa ufupi

Mchuuzi wa chumvi alilala katika kijiji kimoja pamoja na vijana saba waliombebea mizigo. Asubuhi mfuko wake wa pesa haukuonekana. Kila kijana aliapa kwamba hajui kitu. Mchuuzi akaenda kwa mzee.

Mzee hakuuliza maswali. Alikata fimbo saba katika mti mmoja, akazipima zote ziwe sawa, akampa kila kijana yake. Kisha akasema, na hapa naandika kama baba mkubwa alivyosema: “Mulale nazo. Fimbo ya ule mwenye aliiba itaongezeka urefu wa kidole.”

Vijana sita walilala. Wa saba hakupata usingizi. Kila mara aliipapasa fimbo gizani, akaipima kwa mkono wake, na kila mara aliiona imerefuka kidogo. Kabla ya jogoo kuwika alichukua kisu akakata urefu wa kidole kimoja, ili asubuhi fimbo yake iwe sawa na za wenzake. Kulipokucha fimbo zilisimamishwa ukutani. Sita zilikuwa sawa. Moja ilikuwa fupi.

Mzee akamwambia: “Hakuna fimbo yenye iliongezeka. Ni weye ulipunguza.”

Pesa zilirudi. Lakini hadithi haiishii hapo, na baba mkubwa hakuruhusu tucheke hadi mwisho. Kijana alibeba mzigo wake na wa mchuuzi hadi mtoni. Fimbo fupi iliwekwa juu ya mlango wa baraza. Tangu siku hiyo, kila alipotoa habari, hata habari ya kweli, kulikuwa na mtu wa kumwambia: “Tupe kwanza fimbo tupime.” Malipo ya wizi wake yalikuwa kubeba mizigo siku moja. Malipo ya uongo wake yalikuwa kutosadikiwa miaka yote iliyofuata.

3. Sentensi inafanya nini?

Tuichukue sentensi ya mzee na kuitenga: “Fimbo ya ule mwenye aliiba itaongezeka.” Katika Kiswahili sanifu tungesema “Fimbo ya aliyeiba itarefuka.” Kiswahili cha Kisangani, kama Kiswahili cha sehemu nyingi za Kongo, hutumia “mwenye” na “yenye” kuunda kishazi rejeshi mahali ambapo sanifu hutumia “-ye-” au “amba-”. Umbo ni tofauti, kazi ni moja: linamtaja mtu kwa kitendo chake. Halitaji jina, halina kidole, halina jicho linalomwangalia mtu fulani.

Mwanafalsafa Keith Donnellan, katika makala yake ya mwaka 1966 kuhusu maelezo elekezi, alitofautisha matumizi mawili. Nikiukuta mwili wa mtu aliyeuawa na kusema “Muuaji wake ni mwendawazimu,” bila kumjua muuaji, namaanisha yeyote aliyefanya kitendo hicho. Haya tuyaite matumizi ya sifa. Lakini mahakamani, nikimwangalia mtu aliyekaa kizimbani na kusema “Muuaji ni mwendawazimu,” ninamlenga huyo ninayemwona, hata ikija kujulikana kwamba hakuua mtu. Haya tuyaite matumizi ya kuonyesha. Maneno ni yale yale, lakini yanafika kwa watu kwa njia mbili.

Mzee wetu anatumia njia ya kwanza. Hamjui mwizi, na sentensi yake haidai kumjua. Ni kama nguo isiyo na mwenyewe: kila kijana anaijaribu moyoni, na inamkaa mmoja tu. Vijana sita wanaisikia “fimbo ya ule mwenye aliiba” na nafsi inabaki ya tatu: yeye, mtu mwingine. Kijana wa saba peke yake anaweza kuigeuza nafsi ya tatu kuwa ya kwanza. Kwake sentensi inasema: “Fimbo yangu itaongezeka.” Ugeuzaji huo unahitaji ujuzi wa jambo moja, nani aliiba, na ujuzi huo anao yeye tu.

Jambo la pili ni njeo. Kitenzi kiko katika wakati ujao, na hakimwamuru mtu afanye kitu. J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, alitufundisha kutazama kauli kama vitendo. Kwa juu, kauli ya mzee ni taarifa tu kuhusu fimbo. Kwa ndani ni mtihani. Mzee hakumwomba mwizi akiri wala akimbie. Alimwachia usiku mzima wa kuamua mwenyewe. Kisu kilishikwa na mkono wa mwizi, na ushahidi uliopatikana asubuhi ulitengenezwa na yeye.

Jambo la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Tupange hali nne zinazowezekana usiku ule. Asiye na hatia anayeisadiki fimbo atalala, kwa sababu fimbo yake haitarefuka. Asiye na hatia asiyeisadiki atalala pia. Mwizi asiyeisadiki atalala kama wenzake, na asubuhi fimbo zote zitakuwa sawa. Mwizi anayeisadiki atakata. Katika hali nne, moja tu inatoa fimbo fupi, na katika hiyo mwenye fimbo ni mwizi. Mtego huu unaweza kushindwa, lakini ukishindwa unashindwa kwa kumwachia mwizi. Haushindwi kwa kumshika mwingine. Kadiri asiye na hatia anavyomwamini mzee, ndivyo anavyolala vizuri zaidi.

4. Jamaa wa hadithi hii

Sio kila hadithi ya mtego ina usalama huo. Nalinganisha na tatu.

Ya kwanza ni ya sungura na simba, inayojulikana sana pwani. George W. Bateman aliichapisha Chicago mwaka 1901 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Zanzibar. Hapa mambo yamepinduliwa: mwizi ndiye mwenye hila. Sungura ameiba asali ya simba. Simba anakwenda kujificha ndani ya nyumba ya sungura. Sungura anarudi, anaona nyayo, anashuku. Anaiamkia nyumba yake kwa sauti. Kimya. Anashangaa kwa sauti vilevile: kila siku nyumba humwitikia, leo pengine kuna mtu ndani. Simba anaitikia kwa haraka ili asijulikane, na kwa kuitikia anajulikana. Utaona sheria ni ile ile ya fimbo. Kauli ya uongo kuhusu nyumba haimdhuru mtu kama ndani hamna mtu. Nyumba tupu haina wa kuitikia. Anayeweza kufanya kitendo kinachomfichua ni yule tu aliyejificha. Lakini safari hii kanuni imemtumikia mwizi. Kwa hiyo sarufi ya mtego haina maadili yake yenyewe. Inamnasa mwenye siri, awe mwizi au mwenye mali.

Ya pili ni ya sanamu ya ulimbo, inayopatikana katika lugha nyingi za Kibantu, na iliyovuka bahari pamoja na watumwa hadi ikachapishwa Marekani mwaka 1880 katika kitabu cha Joel Chandler Harris. Mwenye shamba au kisima anasimamisha sanamu iliyopakwa utomvu unaonata. Mnyama mwizi anakuja, anaisalimu, haimjibu. Anakasirika kwa dharau hiyo, anapiga, mkono unanata. Anapiga kwa mwingine, nao unanata. Uongo wa hapa hauna maneno: sanamu inadai kimya kimya kuwa mtu. Kinachomponza mwizi ni kanuni ya mazungumzo ambayo kila mmoja wetu anaijua, kwamba salamu hudai jibu. Lakini angalia: mpita njia mwema, mwenye hasira za karibu, naye angenata. Mtego huu unamshika anayefika mahali pale na kukasirika. Wizi wenyewe hauupimi. Msimulizi analijua hilo, ndiyo maana huiweka sanamu ndani ya shamba la mtu na huchagua saa za usiku.

Ya tatu ni ya unyoya. Watu wamekusanyika, na mwenye hekima anasema ghafla: “Mwizi ana unyoya kichwani.” Mmoja anainua mkono kujipapasa, naye anakamatwa. Inachekesha kama ya fimbo, na mwanzoni niliidhani ni hadithi ile ile. Lakini njeo imebadilika: kitenzi kinasema hali ya sasa, na hali hiyo inaweza kumpata yeyote. Unyoya huanguka kichwani kwa kila mtu, hasa kijijini penye kuku. Asiye na hatia anajua hakuiba, lakini anajua pia kwamba watu watahukumu kwa unyoya. Anaweza kujipapasa ili asidhaniwe vibaya. Tukipanga tena zile hali nne, sasa mbili zinatoa mkono kichwani, na moja kati yake ni ya mtu mwema mwenye wasiwasi. Mtego wa unyoya unaipima hofu. Na hofu ya kudhaniwa mwizi haiko kwa wezi peke yao.

5. Neno “mwizi”

Nomino yenyewe inatufundisha kitu. Kitenzi ni “iba”. Tukiongeza kiambishi tamati -i cha mtendaji tunapata “mwivi”: b imelainika kuwa v mbele ya irabu hiyo. Katika lahaja za kaskazini za pwani mfuatano vi unakuwa zi, kama “vitu” inavyokuwa “zitu”, na “mwizi” ni umbo la upande huo ambalo leo limeenea kila mahali. Lingala, lugha ya pili ya mji wetu, imebaki na b: kitenzi “koyiba”, mtendaji “moyibi”. Katika lugha zote mbili neno limejengwa juu ya kitendo. Kwa asili yake mwizi ni “aliyeiba”, maelezo ya sifa yaliyofupishwa kuwa neno moja.

Methali zinalitumia hivyo. “Siku za mwizi ni arobaini” haimwangalii mtu. Inamngoja yeyote atakayeingia katika neno hilo kwa mkono wake. “Njia ya mwongo ni fupi” vilevile. Ndiyo maana methali inaweza kusemwa mbele ya watu mia bila kumchafua hata mmoja, na bado aliye na siri akaisikia kwa namna yake.

Lakini neno hilo hilo lina matumizi mengine, na kila mkazi wa mji anayajua. Sokoni sauti inapasuka: “Mwizi!” Hapo hakuna tena sifa. Ni kidole. Watu hawaulizi nani aliiba. Wanauliza yuko wapi. Katika sarufi ni nomino ile ile bila kishazi, bila njeo, bila kitenzi, na kwa hiyo bila mahali pa kuingiza neno “kama”. Mtu anaweza kupoteza maisha kati ya neno hilo na kufika kwa polisi. Tofauti aliyoichora Donnellan darasani, mtaani ni tofauti kati ya kusubiri hadi asubuhi fimbo zipimwe na kuokota jiwe sasa hivi.

6. Sentensi niliyoisema mimi

Mwaka wangu wa pili tulipanga vyumba viwili katika kiwanja kimoja, wanafunzi wanne. Mimi nilitunza mchango wa kununulia nakala za masomo, faranga 92,000. Siku moja bahasha haikuwa mahali pake. Nilitafuta, sikuiona, nikawaita wenzangu. Wote walisema hawajui.

Nilikumbuka hadithi ya baba mkubwa, nikajiona nina akili. Fimbo sikuwa nazo, na kwa wanafunzi wa chuo kikuu nilidhani fimbo zitachekesha. Nikabadilisha maneno. Nilisema: “Tayari tunamjua. Arudishe kabla ya kesho jioni, hatutamtaja.” Kusema kweli nilikuwa simjui mtu. Nilidhani nimesema kama mzee.

Kesho yake mdogo kuliko wote kati yetu, aliyekuwa na miezi mitatu tu katika nyumba ile, alileta faranga 92,000 kamili, akaziweka mezani bila neno. Wenzangu walinitazama kwa heshima. Mimi nilijisikia kama mzee wa baraza.

Wiki ya tatu nilifungua daftari la fonolojia ili nijiandae kwa mtihani. Bahasha ilikuwa ndani ya jalada la plastiki. Niliiweka mwenyewe, usiku mmoja kabla, kwa kuogopa wezi.

Pesa alizolipa alikuwa amezikopa kwa mjomba wake anayekaa Bangboka, na alikuwa akilipa deni Jumamosi kwa Jumamosi kwa kusukuma baiskeli yenye makaa kutoka huko hadi mjini. Nilimrudishia mbele ya wote na kueleza kilichotokea. Nilimwuliza kwa nini alilipa kitu ambacho hakukichukua. Alinijibu kwa utulivu: “Mulisema munamujua mutu. Nilijua ni miye.”

Nimeifikiria sentensi hiyo zaidi ya kitabu chochote nilichosoma. Hakusema “Nilijua mnanidhania.” Alisema “Nilijua ni miye,” na kisarufi alikuwa sahihi. Katika “tunamjua”, ile -m- ni kiambishi cha mtendwa kinachomrejelea mtu ambaye msemaji amekwisha kumshika akilini. Ni matumizi ya kuonyesha, ingawa kidole kimefichwa. Sentensi ya mzee ilisema habari ya kitendo: aliyeiba. Sentensi yangu ilisema habari ya mawazo yetu: tunayemjua. Ili kuligeuza “aliyeiba” kuwa “mimi” lazima uwe umeiba. Ili kuligeuza “tunayemjua” kuwa “mimi” inatosha uwe mgeni, uwe mdogo, uwe yule ambaye nguo zake zinatazamwa kwanza. Yeye alijitafuta ndani ya sentensi yangu akajikuta, kwa sababu niliijenga kwa namna ambayo mnyonge hujikuta ndani yake kwa urahisi.

Na mtego wangu ulikosa ile kinga ya fimbo. Fimbo fupi hutokea kwa mwizi tu. Pesa mezani zinaweza kuletwa na mwizi, au na mtu anayenunua amani. Niliyaona malipo nikayasoma kama ungamo.

Kisangani ina lugha mbili kubwa, na zimenipa adhabu ya pamoja. Kwa Kiswahili “kukosa” ni kufanya kosa. Kwa Lingala “kokosa” ni kudanganya. Nikisema kwa Kiswahili “nilikosa”, ninakiri kosa. Nikisema kwa Lingala “nakosaki”, ninakiri uongo. Mizizi hiyo miwili inafanana kwa sauti, na katika nyumba yetu ilifanana pia kwa maana. Vivyo hivyo neno “mayele”, ambalo Kiswahili cha kwetu kimelichukua kutoka Lingala: hutumika kwa akili ya mwanafunzi hodari na kwa werevu wa mtu wa hila. Siku ile wenzangu walinisifu kwamba nina mayele, na neno halikuwaambia ni yapi.

7. Kupima mara mbili

Kaskazini ya mkoa wetu, katika nchi ya Uele ambayo hadi mwaka 2015 ilikuwa pamoja nasi katika mkoa mmoja wa Mashariki, wanaishi Wazande. E. E. Evans-Pritchard, aliyekaa na Wazande wa upande wa Sudan, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1937 namna walivyouliza sumu iitwayo benge, sumu ambayo wao waliifuata hadi upande wa Kongo, karibu na mto Bomokandi. Sumu hupewa kuku, na swali huulizwa kwa sentensi ya masharti: ikiwa jambo hili ni kweli, kuku na afe. Siingii katika imani yenyewe. Kinachonivutia ni utaratibu. Jibu la kwanza halikutosha kuwa hukumu. Kuku wa pili alipewa sumu na masharti yakapinduliwa: ikiwa ni kweli, kuku huyu na apone. Majibu mawili yakipingana, hakukuwa na hukumu.

Wazande walijua kwamba swali lililoulizwa upande mmoja linaweza kujibiwa na bahati. Mimi sikupindua swali langu. Laiti ningejiuliza, “Kama huyu hakuiba, angeweza bado kuleta pesa?” ningeliona jibu hata kabla ya kufungua lile daftari. Swali hilo moja ndilo linaloitenga fimbo na unyoya, na linamtenga mzee na mimi.

8. Hitimisho

Augustino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini aliyeishi kati ya miaka 354 na 430, alifundisha kwamba uongo haufai hata kwa nia njema. Hadithi ya fimbo haiendi naye. Inampa mzee ruhusa. Lakini ukiisikiliza vizuri, ruhusa hiyo ni nyembamba. Mzee alidanganya kuhusu fimbo, hakudanganya kuhusu mtu. Hakusema anamjua asiyemjua. Alitaja kitendo, akaacha kitendo kimtafute mwenyewe, na alikuwa tayari kulala bila jibu kama fimbo zote zingekuwa sawa. Hapo ndipo ninapouona utu wa hadithi: mwenye hekima anakubali kushindwa kuliko kukosea.

Mwizi wa hadithi alipoteza kusadikiwa kwa sababu ya kisu chake. Mimi nilipoteza kitu kama hicho kwa sababu ya kiambishi kimoja. Yule mdogo wetu alihama mwisho wa mwaka. Tukikutana uani tunasalimiana vizuri, na ananiita “yaya” kama zamani. Lakini hajaniachia tena kitu cha kumtunzia, na sijamwomba. Fimbo fupi iko juu ya mlango wangu.

Maswali ya kujadiliwa darasani

1. Linganisha sentensi hizi: “Aliyeiba atajulikana”, “Tunamjua aliyeiba”, “Tunamjua”. Kwa kila moja, eleza ni ujuzi gani msikilizaji anahitaji ili aseme “ni mimi”.

2. Kiswahili cha Kisangani husema “ule mwenye aliiba” mahali ambapo sanifu husema “aliyeiba”. Je, kuongeza kionyeshi “ule” kunasogeza maana kutoka sifa kuelekea kidole? Tafuta mifano katika mazungumzo ya nyumbani kwenu.

3. Chukua hadithi moja ya hila kutoka lugha ya wazazi wako. Panga zile hali nne za sehemu ya 3. Je, mtego wake ukishindwa, unamwachia mwizi au unamshika mwingine?